Ile H ya "Hatakuja"

Ujumbe wenyewe ulikuwa wa maneno manne tu: "Hatakuja na samaki kesho." Nyar Seme aliupata jioni, akausoma mwenyewe bila kumwita mtoto wa jirani kama alivyozoea, akafurahi hata akaurudia kwa sauti ili watu wa ploti wamsikie. Kulipopambazuka alinunua lita tatu za mafuta, akalipia kuni, akateleka karai, akangoja.

Anayekaanga mgongo wazi pale Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, anajua machungu ya kungoja hivyo. Mgongo wazi ni ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa, na gari likichelewa kuileta, kuni zinaisha na hela inaungua pamoja nazo. Saa nne gari halikuonekana. Saa sita vilevile. Alipopiga simu akaambiwa, "Mama, si tulikuandikia jana kwamba dereva hatakuja?"

Alasiri alikuja darasani akinuka moshi, akaniwekea simu mezani. "Mwalimu, nisomee hapa."

Nikamsomea.

"Na mimi nilisoma nini?"

Alikuwa amesoma "atakuja".

Tunamwita nyar Seme, binti wa Seme, kama ilivyo desturi ya hapa kumwita mwanamke kwa kule alikozaliwa. Mimi nafundisha ngumbaru hapa Kisumu, na huu ni mwaka wangu wa 12. Darasa letu ni ukumbi wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, ule muda mfupi ulio kati ya soko na chakula cha jioni. Nimewahi kuwa na wanafunzi 30, nimewahi kuwa na 4. Mwaka ule wa kisa cha samaki walikuwa 17, wanaume watatu tu. Na nikiri kwamba siku ile, baada ya nyar Seme kuketi, sikulala vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia wiki mbili kabla, "Sasa wewe unajua kusoma."

Nilianza kazi hii kwa kufundisha kama nilivyofundishwa nikiwa mtoto. A e i o u. Ba be bi bo bu. Darasa zima linaimba, mwalimu anapiga ubao kwa fimbo. Kiswahili kinampendelea mwalimu wa namna hiyo. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake, na silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo mtu mzima mwenye bidii huweza kutamka karibu kila kitu baada ya miezi michache. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nikiwasimamisha mbele ya wageni wasome ukurasa mzima.

Siku moja mgeni mmoja, mama mtaratibu, alimsikiliza mwanafunzi wangu akisoma "Dau limetweka tanga", kila silabi mahali pake, halafu akamuuliza kwa upole, "Umesoma habari gani, mama?"

"Sijui," akajibu. "Mwalimu ndiye anayejua."

Mume wake alikuwa mvuvi wa Dunga. Yeye mwenyewe alishona matanga kwa mikono yake. Nilipomwambia kwamba dau ni kama yie, mashua yetu ya hapa ziwani, na kwamba kutweka ni kulipandisha tanga, alipiga makofi. "Si ungesema!" Kisha akatueleza upepo wa asubuhi unatoka wapi na wa jioni unatoka wapi, na kwa nini tanga hupandishwa saa ile na si saa nyingine. Maana yote ya sentensi ile alikuwa nayo tangu ujana wake, ila haikukutana na yale maneno ya pwani yaliyokuwa kitabuni.

Mwaka 2006 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa kujua kusoma na kuandika miongoni mwa watu wazima. Walioonekana wanajua walikuwa asilimia 61.5. Lakini waliofikia kiwango cha kumudu kusoma kwa namna ya kuwafaa maishani walikuwa asilimia 29.6 tu. Kila nikitazama tarakimu hizo mbili namwona yule mama wa matanga, amesimama kati yake.

Basi nikageuka upande wa pili, nikazama huko kupita kiasi. Nikasema, kama maana ndiyo jambo, wacha wasome kwa maana, wabahatishe, wajisaidie kwa yale wanayoyajua. Nikaleta darasani pakiti ya unga wa Jogoo, pakiti ya Omo na mkebe wa Blue Band. Wote 17 "wakavisoma" bila kusita. Nikafurahi. Kisha nikaandika maneno yale yale ubaoni kwa chaki nyeupe. Watatu tu ndio walioyatambua. Wengine walikuwa wakisoma rangi, na yule jogoo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti watatu wa Marekani, Masonheimer, Drum na Ehri, walionyesha jambo hilo mwaka 1984 kwa watoto wadogo. Walibadilisha herufi ya kwanza ya Pepsi, wakaweka X, na watoto ambao hawajajua kusoma wakaendelea kusema "Pepsi" kana kwamba hakuna kilichobadilika. Silidharau hata kidogo jicho la namna hiyo. Watu wangu wameishi kwalo miaka 40, 50. Wanaijua noti kwa rangi, matatu kwa michoro yake, dawa kwa umbo la chupa. Lakini chupa mbili zikifanana, jicho hilo halina msaada. Mmoja wao aliwahi kumpa mjukuu dawa ya kupaka ngozi akidhani ni ya kikohozi. Mtoto alitapika usiku kucha, akapona. Bibi yake alijiandikisha kwangu juma lililofuata.

Bibi huyo tunamwita dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Ndiye mkubwa kuliko sote darasani, na kwake nilikosea vibaya. Alikuja na Biblia yake ya Kijaluo, akaomba atusomee Zaburi ya 23. Akaisoma yote, sauti imetulia, kidole kikitembea chini ya mistari. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona kitabu kimefunguliwa katika Mambo ya Nyakati. Badala ya kunyamaza nikanyoosha mkono, nikamfungulia ukurasa wa kweli mbele ya wote. Hakusema neno. Hakuja wiki mbili.

Nilimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alinipa chai, akaniambia, "Mwalimu, maneno yale ni yangu. Nilitaka tu kuyaona yanakaa wapi." Sijawahi kupewa somo la ualimu kubwa kuliko hilo. Tangu siku hiyo tukaanza kutoka pale alipokuwa: yale anayoyajua kwa moyo. Nilimfungulia Zaburi yenyewe, nikamwomba atafute jina la Mungu tu, basi. Akalipata. Kisha neno la mchungaji. Alijua linakuja baada ya jina, kwa hiyo akalinganisha sauti iliyo mdomoni na herufi iliyo machoni, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo katika kufuli. Kila neno aliloshika lilikuwa lake kweli, kwa sababu herufi zilimjibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kubahatisha si dhambi, ila lazima anayebahatisha aulize herufi kama ni kweli.

Lakini herufi yenyewe ni kitu kigeni kwa mtu asiyewahi kusoma, kuliko sisi tuliojifunza utotoni tunavyoweza kukumbuka. Niliwauliza siku moja, "Tukitoa 'sa' katika samaki, inabaki nini?" Wakajibu pamoja, "Maki!" Nikauliza tena, "Tukitoa ile sauti ya s peke yake, inabaki nini?" Kimya. Kisha yule tunayemwita jaduong', yaani mzee, fundi wa baiskeli kutoka Ahero, akainua mkono na kusema kwa uhakika kabisa, "Ukimtoa samaki kitu, mwalimu, inabaki mgongo wazi."

Kina mama wakacheka, naye akacheka. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni. Kwake samaki alikuwa samaki. Neno halikuwa limewahi kuwa kitu cha kukatwa vipande visivyo na maana. Mwaka 1979 watafiti waliokuwa pamoja na José Morais waliwapa watu wazima wa Ureno kazi kama hiyo, kuondoa au kuongeza sauti moja mwanzoni mwa neno, na wale wasiowahi kujifunza kusoma ilikuwa ikiwashinda, ilhali waliojifunza ukubwani waliiweza. Maana yake mtu hasubiri masikio yake yajue sauti ndipo asome. Kule kujifunza herufi ndiko kunakomfungulia sauti. Silabi huja kwanza, na ndiyo maana ba be bi bo bu si upuuzi. Nilichokosea mimi ni kuifanya kuwa safari nzima.

Jaduong' aliniuliza baada ya somo, tukiwa wawili, kama kichwa cha mzee bado kinaingia herufi. Aliuliza akitazama mikono yake. Nilimwambia ninalolijua: mwaka 2010 kundi la Stanislas Dehaene lilipima ubongo wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno, wengine waliosoma utotoni, wengine waliojifunza wakiwa watu wazima, wengine wasiowahi kujifunza. Mahali nyuma ya kichwa, upande wa kushoto, panapotambua maneno yaliyoandikwa, palikuwa pamebadilika hata kwa wale waliojifunza ukubwani. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nitakuja Alhamisi." Akaja.

Tukaacha dau na tanga, tukachukua maneno ya pale pale Obunga. Wazo si langu. Mwaka 1963 Paulo Freire aliwafundisha wafanyakazi kama 300 wa Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, kwa muda wa saa 40 hivi, akitumia maneno yaliyotoka katika maisha yao wenyewe. Neno linalotajwa mara nyingi ni tijolo, yaani tofali. Unalikata silabi tatu, unaita jamaa za kila silabi, na watu wanaanza kujenga maneno mapya kwa vipande hivyo hivyo.

Tofali letu lilikuwa omena, dagaa wa ziwa letu. O, me, na. Nikaandika jamaa zake: a e i o u, ma me mi mo mu, na ne ni no nu. Nikawaachia chaki. Wa kwanza akaandika "mama", hilo nililitarajia. Wa pili "mimi". Kisha "nane", "nani", "mia". Mwanamke mmoja ambaye alikuwa haongei akaandika "mume", akasimama akilitazama, akaliacha. Dani akaandika "imani" na "amani", moja chini ya nyingine. Dakika 20 haziishi, ubao umejaa, na hapana hata neno moja kati ya hayo lililotoka kwangu. Waliyajua yote. Kilichokuwa kipya ni kuyaona yamekaa pale, yamesimama.

Nikawapa pia majina ya samaki: ngege, fulu, kamongo, mbuta. Hapo kwenye mbuta tukakaa siku mbili. Jicho linaona m, linaona b, na mdomo unataka kusema "mu-bu-ta". Sikuwaeleza kanuni yoyote. Niliwaambia walitaje wanavyolitaja sokoni, kisha watazame namna linavyoandikwa, na tangu hapo wakaweza "mbuzi", "mbili" na "mbegu" bila kusukumwa.

Nirudi kwa ile h.

Kiswahili kimeweka mambo yake makubwa mwanzoni mwa kitenzi: ni nani, ni lini, ni ndiyo au siyo. Nyar Seme alikuwa akitazama mwili wa neno, pale penye -kuja, na mwanzo akaujaza mwenyewe. Alijua gari huja kila Alhamisi. Jibu lilikuwa limefika akilini kabla jicho halijafika kwenye herufi. Na mtu anayesoma silabi moja moja ana shida nyingine tena: neno kama "hatukuwaambia", akifika kwenye "-mbia" amekwisha kusahau "ha-". Hakosi akili. Mkono mmoja hauwezi kubeba mayai saba.

Nikakata katoni kuukuu kuwa kadi. Kadi moja kubwa nikaiandika "-kuja". Kadi ndogo: ata-, hata-, ame-, nime-. Kazi ilikuwa kuweka kichwa mbele ya mwili na kusema habari imekuwa nini. Hawakuhitaji sarufi. Sarufi ilikuwa masikioni mwao tangu walipoanza kununua na kuuza kwa Kiswahili. Walihitaji kuona kwamba "hata-" ni kipande kimoja, kinachotambulika kwa mara moja kama uso wa mtu, si h, a, t, a. Somo lililofuata wenyewe wakaniambia niibadilishe -kuja niweke -lipa, kwa kuwa ndilo neno linalowatoa jasho. Atalipa, hatalipa. Kisha tukaongeza kadi ya haja-: amelipa, hajalipa. Nyar Seme alichukua kadi ya "hata-" akaikunja kidogo pembeni ili aitambue hata kwa kuipapasa.

Na mimi nikajifunza kufunga mdomo. Hili lilinichukua miaka, na bado linanishinda siku nikiwa nimechoka. Mwanafunzi akikosea, ulimi wa mwalimu huwasha. Unataka kumrekebisha papo hapo, na unaona umemsaidia, kumbe umemnyang'anya. Sasa nangoja hadi mwisho wa sentensi. Jaduong' alikuwa akisoma kwenye karatasi niliyoandika, "Baba alipanda mpunga." Akasoma "Baba alipanda", akatabasamu, akaonyesha kwa mkono mtu anayekwea boda boda. Akaendelea: "m-pu-nga." Tabasamu likakatika. Nikauma meno. Akanong'ona kwa Kijaluo, "Idho... idho mpunga?" Kukwea mpunga. Akatikisa kichwa, akarudisha kidole nyuma hadi "alipanda", akakaa hapo muda mrefu. "Aa. Komo. Alipanda, alitia mbegu."

Herufi za panda ni zile zile, uende garini au shambani. Kilichomrudisha nyuma ni mpunga, na miaka yake yote ya Ahero, penye mashamba ya mpunga kila upande. Kama ningemdokezea neno moja tu, asingerudi. Mimi sasa siandiki tena katika daftari langu nani amesoma bila kosa. Naandika nani amerudi nyuma mwenyewe, na tarehe. Dani ana alama sita. Yule mama wa matanga ana kumi na moja.

Chama cha kina mama hukutana ukumbini humo humo kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, darasa likiisha. Mwezi wa saba nilikuwa nikifuta ubao wakati daftari la michango lilipokuwa likizungushwa ili kila mmoja atie kidole cha wino karibu na jina lake, kama ilivyokuwa siku zote. Lilipomfikia nyar Seme hakutia kidole. Alisema, "Ngojeni nisome kwanza."

Akasoma jina lake. Akasoma mwezi. Kisha, "A..." Akasita. Akarudi. Akaliziba h kwa ukucha wa kidole gumba, akatazama, akaliachia, akatazama tena. Ukumbi ulikuwa kimya, na mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha ubao nisijue niendelee au niache.

"Ha-ja-lipa," akasema. "Hapa pameandikwa hajalipa. Mimi nililipa."

Katibu akasema labda hajasoma vizuri. Nyar Seme akasoma tena, mara hii bila kukata silabi. Akatoa simu, akatafuta ujumbe wa malipo ya mwezi ule, akawasomea kiasi, tarehe, na jina la mwekahazina aliyepokea. Mwekahazina akakumbuka. Katibu akaomba radhi, akavuta daftari, akaikata ile h kwa kalamu, akalirudisha.

Nyar Seme akalitazama.

"'Ajalipa' si neno," akasema. "Andika 'amelipa'."

Katibu akaandika. Nyar Seme akapitisha kidole chini ya neno lote, kutoka a ya kwanza hadi a ya mwisho, kisha akanyoosha mkono apewe kalamu.